Letitia Wright hakuanzia Wakanda
Makala yenu imemweleza mwigizaji Letitia Wright kama nyota aliyeibuka ghafla mwaka 2018 kupitia Black Panther, filamu ya nchi ya kubuni ya Wakanda. Jamani, tumtendee haki dada huyu. Alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1993, akahamia London na familia yake akiwa bado mtoto. Alisomea uigizaji Identity School of Acting, akaanza na vipande vidogo vidogo kwenye tamthilia za runinga ya Uingereza. Mwaka 2015 akabeba uhusika mkubwa katika filamu ya Urban Hymn, na BAFTA, taasisi ya Uingereza ya tuzo za filamu na runinga, ikamtaja miongoni mwa vipaji vipya. Shuri, mhusika wake wa Black Panther, alikuja baadaye!

Kinachonigusa zaidi ni kwamba katikati ya safari hiyo alipambana na sonona, akasimamisha kazi kwa muda, na amelieleza hilo hadharani, pamoja na imani ya Kikristo iliyomwinua. Hilo mmeliruka kabisa, na wapo vijana wanaolihitaji kuliko habari za magauni yake. Ile tuzo ya BAFTA ya nyota chipukizi ya 2019, inayopigiwa kura na umma, alikuwa ameitolea jasho miaka mingi. Na kama hamjamwona katika filamu ya Mangrove ya 2020, akimwigiza mwanaharakati Altheia Jones-LeCointe, itafuteni.