Utulivu wa Hendra Setiawan uko kwenye raketi

Mtaje Hendra Setiawan mbele ya mashabiki wa mpira wa vinyoya, jibu ni lilelile: mtulivu. Akishinda uso haubadiliki, akifungwa haubadiliki, na uamuzi ukimwendea vibaya anageuka tu na kurudi mahali pake. Sura hiyo imezoeleka hadi watu wanaamini ndiyo siri ya mataji yake, kana kwamba ukijifunza kunyamaza nawe utakuwa bingwa wa dunia mara nne. Naona wameshika mkia wakaacha kichwa. Mchezaji ambaye raketi yake iko juu kabla kinyoya hakijavuka wavu hana sababu ya kuhaha. Utulivu wa Hendra ulianzia mkononi, usoni ulifika baadaye.

Alizaliwa Pemalang, Java ya Kati, Indonesia, tarehe 25 Agosti 1984, akakulia kimchezo katika klabu ya Jaya Raya ya Jakarta, kisha kambi ya taifa ya Cipayung, mashariki mwa jiji hilo. Mwenzake wa miaka ya kwanza katika mchezo wa wawili wawili alikuwa Markis Kido, mtu mfupi mwenye mabega ya chuma, aliyeruka nyuma ya uwanja na kushusha smashi, yale mapigo makali ya kwenda chini, moja baada ya nyingine. Hendra, aliyemzidi kimo, ndiye aliyekaa mbele. Ungetegemea kinyume chake, yaani mrefu apige kutoka nyuma na mfupi mwepesi ashughulike na wavu. Ila mikono ya Hendra ilikuwa myepesi kuliko mwili wake, na makocha wake walikuwa na macho ya kuliona hilo.

Wawili hao wakachukua ubingwa wa dunia Kuala Lumpur mwaka 2007, wakiwafunga Jung Jae-sung na Lee Yong-dae wa Korea Kusini 21-19, 21-19. Mwaka uliofuata wakatwaa dhahabu ya Olimpiki Beijing mbele ya wenyeji wenyewe, Cai Yun na Fu Haifeng: 12-21, 21-11, 21-16. Kumbuka ile seti ya kwanza, maana tutairudia.

Sasa mikono. Anayetaka kumwelewa Hendra aache kuangalia smashi na atazame mapigo matatu ya kwanza: sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, mapokezi ya sevu, na pigo linalofuata. Katika mchezo wa wawili wawili eneo la kupokelea sevu linaanzia mstari ulio mita 1.98 kutoka kwenye wavu na kuishia sentimita 76 kabla ya mwisho wa uwanja. Linabaki eneo lenye urefu wa mita 3.96 tu. Kwa kuwa ni fupi hivyo, mpokeaji anaweza kusogea hadi karibu na mstari wa mbele bila kuogopa sana sevu ndefu ya kichwani. Upande wa pili, tangu mwaka 2018 anayesavu analazimika kukigonga kinyoya kikiwa chote chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni, wakati wavu katikati una mita 1.524. Kwa hiyo sevu fupi, hata iwe safi vipi, lazima ipande kwanza. Nafasi ya mpokeaji imo katika kitambo hicho kifupi kinyoya kinapokuwa juu ya wavu.

Wengi wakiiona nafasi hiyo hukivamia kinyoya kwa nguvu. Matokeo yanajulikana: kinaishia wavuni, au kinatoka nje, au kinamwendea mpinzani kifuani kwa kasi ambayo yeye anaitumia kurudishia. Hendra mara nyingi hakutumia nguvu. Raketi ilikuwa usawa wa kichwa, kiwiko mbele ya mwili, vidole vimelegea kwenye mpini. Anakigusa kinyoya mapema na kukisukuma kwenye ule uwazi wa pembeni, nyuma ya aliyesavu na mbele ya mwenzake. Wa mbele hawezi kugeuka kukifuata. Wa nyuma anakifikia, lakini anakikuta kimeshashuka chini ya usawa wa wavu, kwa hiyo hana budi kukiinua. Kikiinuka tu, Kido, au baadaye Mohammad Ahsan, mwenzake aliyefuata, yuko nyuma anakisubiri.

Ndiyo maana takwimu za pointi zilizomalizwa kwa smashi zinamdhulumu mtu kama Hendra. Anayeua anaonekana, aliyelazimisha kinyoya kipande haonekani.

Kwenye ulinzi ni hivyohivyo. Smashi ya wanaume wa kiwango cha juu inapotoka kwenye raketi huzidi kilomita 350 kwa saa, lakini kinyoya kina uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50 na manyoya 16 yanayokamatwa na hewa, hivyo kasi inaporomoka njiani. Anayerudi nyuma kukisubiri ananufaika na kuporomoka huko, ila anakipokea chini, magotini, na pigo pekee linalobaki ni kukirusha juu tena ili apigwe smashi nyingine. Hendra alifanya kinyume. Alikaa na raketi mbele ya tumbo, mgongo wa mkono ukielekea wavuni, akapiga hatua fupi kwenda mbele na kukirudisha kwa pigo bapa lisilo na mzunguko wa mkono. Nguvu inatoka kwa mpinzani, yeye anakaza vidole tu wakati wa kugonga. Pigo hilo likipita chini chini katikati ya wawili, washambuliaji wanageuka walinzi kufumba na kufumbua. Linagharimu kitu kimoja: kukubali kupigwa kifuani mara kadhaa. Wachezaji wengi wa klabu hawako tayari kulipa bei hiyo.

Wanaotaka kumwiga huwa wanakosea sehemu zilezile. Kwanza raketi inashuka hadi kiunoni kila baada ya pigo. Kuirudisha juu kunachukua muda ambao mchezaji wa mbele hana. Pili, mpini unabanwa kama nyundo, mkono unakakamaa, na mguso wa karibu na wavu unakosa ulaini. Tatu, na hili ndilo linaloua timu nyingi, mtu wa mbele anaona kinyoya kirefu kinapita juu yake, anatamani smashi, anarudi nyuma kukifuata. Mwenzake naye yupo palepale. Mbele kunabaki jangwa.

Kuna jambo lingine ambalo Ahsan alilifanya vizuri na ambalo halisemwi: smashi zake nyingi zilikwenda moja kwa moja au katikati, si kukata pembeni. Smashi ya moja kwa moja inamruhusu mtu wa mbele asogee kidogo upande wa kinyoya na kuziba majibu mawili yanayowezekana zaidi. Ukiipiga ya kukatisha uwanja, mpinzani anakirudisha moja kwa moja mbele yake, upande ulio mbali nanyi, na kwa sekunde hiyo nyote wawili mko upande usiofaa. Na kinyoya cha katikati mkiwa mmesimama ubavu kwa ubavu? Kwa wachezaji wawili wa mkono wa kulia, wa kushoto ndiye akichukue, kwa kuwa kiganja chake kinaelekea katikati. Hilo linaamuliwa kabla ya mechi, si kinyoya kikiwa hewani.

Ahsan aliingia kwa njia ya kifamilia kidogo. Kido na Hendra walipotwaa dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2010 huko Guangzhou walikuwa tayari wanaanza kuchoka, na London 2012 hawakufika. Ahsan alikuwa anacheza na Bona Septano, mdogo wake Kido. Mwishoni mwa 2012 Hendra na Ahsan wakaunganishwa, chini ya kocha Herry Iman Pierngadi, na mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa dunia. Wakafuatisha All England, mashindano makongwe ya mchezo huu, na Michezo ya Asia 2014, kisha ubingwa wa dunia tena 2015, safari hii nyumbani Jakarta. Halafu Rio 2016 wakatolewa kwenye makundi. Wengi waliandika tanzia hapo.

Wakatengana, na sababu walikuwa nayo. Hendra akaondoka kambini na mwaka 2017 akaungana na Mmalaysia Tan Boon Heong, yule ambaye smashi yake iliwahi kupimwa kilomita 493 kwa saa. Walifika fainali ya Australia, zaidi ya hapo hawakutoka na kitu kikubwa. Kwangu mwaka huo unafundisha kuliko mataji. Mtu wa mbele bora zaidi duniani akikaa na mpigaji mzito zaidi duniani hapatikani bingwa moja kwa moja, kwa sababu kupokezana nafasi, yaani nani aende mbele na nani abaki nyuma baada ya kila pigo, hakununuliki. Kunatokana na maelfu ya mapigo mliyopiga pamoja.

Akamrudia Ahsan mwaka 2018. Ukafika 2019, mwaka wa ajabu kweli. Vijana wa nyumbani, Kevin Sanjaya Sukamuljo na Marcus Fernaldi Gideon, waliwafunga kwenye fainali za Indonesia Masters, Indonesia Open, Japani, China na Denmark. Fainali tano, vipigo vitano, vinne kati yake kwa seti mbili. Ukihesabu ana kwa ana hapakuwa na mjadala nani mkubwa. Lakini ubingwa wa dunia Basel, All England na fainali za mwisho wa mwaka Guangzhou vilikwenda kwa “The Daddies”, kama walivyoitwa kwa kuwa wote ni baba wa watoto. Kevin na Marcus walistaafu bila ubingwa wa dunia wala medali ya Olimpiki. Hainifurahishi kusema hivyo, Kevin alikuwa na mikono ya kichawi, ila ndivyo kumbukumbu zinavyosoma.

Na hapa narudi kwenye ile 12-21 ya Beijing. Fainali ya All England 2019 dhidi ya Wamalaysia Aaron Chia na Soh Wooi Yik, Hendra akiwa na mguu unaouma: 11-21, 21-14, 21-12. Fainali ya Basel dhidi ya Wajapani Takuro Hoki na Yugo Kobayashi: 25-23, 9-21, 21-15, siku aliyotimiza miaka 35. Katika kila moja ya mataji haya matatu makubwa kuna seti aliyochapwa vibaya. Sidhani ni bahati mbaya tu. Katika mfumo wa pointi 21 ulioanza 2006, kufungwa kwa 9 na kufungwa kwa 19 ni kitu kimoja: seti moja imekwenda. Kijana akiwa nyuma 5-14 hukimbizana na kila kinyoya, akafika 17, akafungwa, akaanza seti ya tatu miguu haipo. Mzee anayejua hesabu huiacha iende. Atatumia pointi hizo kujaribu sevu, kuona mpinzani anapenda kona gani, kuvuta pumzi. Anayeona 9-21 na kusema wazee wameisha hajaielewa karatasi ya matokeo anayoisoma.

Je, ndiye mkubwa kuliko wote wa Indonesia katika wawili wawili? Hapo watu hugombana. Tjun Tjun na Johan Wahjudi wana All England sita. Hoja nzito zaidi ni Tony Gunawan: dhahabu ya Sydney 2000 na Candra Wijaya, ubingwa wa dunia 2001 na Halim Haryanto, kisha 2005 tena, akiichezea Marekani na Howard Bach. Wenzake watatu, nchi mbili. Kwa kipaji kitupu ningemweka Gunawan mbele, na sioni haya. Lakini mataji ya dunia ya Hendra yanaanzia 2007 hadi 2019, na katikati ya hapo mchezo ulibadilika: sheria ya sevu, kasi ya mapigo bapa, urefu wa wachezaji. Aliyeweza kuwa kileleni pande zote mbili za mabadiliko hayo ni yeye.

Mwisho haukuwa wa kupambwa. Tokyo, Olimpiki ya 2021, wiki chache baada ya Kido kufariki ghafla uwanjani akiwa na miaka 36, walimaliza wa nne, shaba ikachukuliwa na walewale Chia na Soh. Wamalaysia hao hao wakawafunga fainali ya dunia 2022, mjini humohumo. Katikati kulikuwa na Kombe la Thomas, ubingwa wa timu za taifa za wanaume, huko Aarhus, Denmark, Oktoba 2021, Indonesia ikiichapa China 3-0 na kulipata kombe kwa mara ya kwanza tangu 2002. Hendra alikuwa nahodha, na kwenye fainali hakuingia uwanjani hata dakika moja. Januari 2025 akaagana na mchezo pamoja na Ahsan, katika ukumbi wa Istora, Jakarta.

Kama hujawahi kumtazama, tafuta seti ya kwanza ya Basel. Usifuate kinyoya. Fuata kichwa cha raketi yake tangu Ahsan anapopiga hadi kinyoya kinaporudi, na uone ni mara ngapi kinashuka chini ya wavu.