Mvinyo wa Jerez Unastahili Bei Yake

Kila ninapoikuta chupa ya fino, ile sherry nyeupe na kavu ya Jerez, kwenye rafu ya chini dukani, kwa euro 7 au 8, roho huniuma. Mnunuzi anaondoka akidhani amebahatika. Mimi naona jasho la miaka 4 au 5 likiuzwa kama kazi ya msimu mmoja.

Tuanze na ardhi. Kati ya Jerez de la Frontera, Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María, kusini kabisa mwa Hispania, udongo ni mweupe kama chokaa, wenyewe huuita albariza. Mvua huja wakati wa baridi. Kiangazi mbingu hufunga. Kwa hiyo baada ya mavuno wakulima huchimba vishimo kati ya mistari ya mizabibu, maji yasiteremke mlimani bali yazame. Juu udongo hukauka ukawa gamba, chini unyevu hubaki mpaka zabibu za palomino ziive.

Palomino yenyewe haina makuu, maji yake hayana hata harufu ya kukumbukwa. Mambo yako ghalani. Mvinyo ukishachacha huongezewa pombe kali ya zabibu ufike asilimia 15 ya kilevi, kisha hutiwa lita 500 ndani ya pipa la mwaloni linalobeba lita 600. Kwenye ile nafasi iliyoachwa, juu ya mvinyo, huota utando mweupe wa hamira uitwao flor, yaani ua. Utando huzuia hewa isiufikie mvinyo, na huku unaula, ukipunguza kilevi na glisarini, mpaka fino inakuwa kavu kabisa, inanukia lozi na unga wa mkate uliokandwa sasa hivi. Kilevi kikipandishwa hadi 17, flor haioti. Hewa inaingia, mvinyo unageuka kahawia. Huo ni oloroso.

Flor ni kiumbe hai, lazima ilishwe. Ndiyo maana ya solera. Mapipa hupangwa kwa ngazi: ya chini yana mvinyo mkongwe zaidi, na hapo ndipo panapotekwa wa kujaza chupa, kiasi kidogo tu. Pengo hujazwa kutoka ngazi ya pili, ya pili kutoka ya tatu, na juu kabisa huingia mvinyo mpya wenye chakula cha flor. Pipa halimalizwi kamwe. Ukiuliza fino hii ni ya mwaka gani, hakuna jibu, maana miaka yote imo. Na yote hiyo, kwa desturi, ni kazi ya mikono, ndani ya maghala marefu yenye sakafu ya udongo unaomwagiwa maji na madirisha yaliyozibwa kwa mikeka, flor isipate joto.

Sasa bei hiyo imetoka wapi? Wengi husema ladha za watu zimebadilika. Sikubali. Miaka ya 1970 Rumasa, shirika la José María Ruiz-Mateos, lilinunua maghala mengi ya Jerez na kushindania wingi kwa kushusha bei, hadi serikali ilipolitaifisha mwezi Februari 1983. Mizabibu iliyokuwa zaidi ya hekta 20,000 leo ni kama 7,000. Jina nalo lilichezewa: Jerez ilikuwa na chombo chake cha kulilinda tangu miaka ya 1930, lakini Uingereza iliendelea kuuza "British sherry", iliyotengenezwa kwa maji ya zabibu mazito yaliyoagizwa nje, mpaka mwisho wa 1995. Neno lenyewe, sherry, limetokana na Sherish, jina ambalo Waarabu wa Andalusi waliuita mji huo.

Kinachonipa moyo ni wazalishaji kama Willy Pérez na Ramiro Ibáñez, wanaorudisha mjadala shambani, wakitaja kilima zabibu zilikotoka, Macharnudo au Balbaina, na kuanika zabibu juani kama zamani ili mvinyo wake ufike asilimia 15 ya kilevi bila kuongezewa pombe. Chupa zao ni ghali. Nazinunua bila kunung'unika.

Fino inywe baridi, katika glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe, si kile kiglasi kidogo cha wageni. Iende na samaki wa kukaanga. Ukishaifungua imalize ndani ya siku chache. Nje ya pipa hakuna flor ya kuilinda.