Ukivuka Mutukula, kikapu ni hiari

Sisi Watanzania tunaoishi Kampala tuna jeuri fulani, na nadhani ni bora iseme mmoja wetu kabla Waganda hawajatusema wenyewe. Tukikutana harusini, au Kisenyi tunakofuata mizigo, haipiti nusu saa mtu ataanza: jamani, mji huu una kaveera! Mitaro imeziba, watu wanatupa taka ovyo, kwetu mambo haya tulishayamaliza zamani. Kaveera, kwa mlioko nyumbani, ni ule ule mfuko wa rambo. Na anayelalamika hivyo, mara tisa kati ya kumi, kaveera anayo mkononi, tena nyeusi, na ndani kuna rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, ya moto inayotoa mvuke.

Ni kweli kwetu rambo imeondoka. Tangu tarehe 1 Juni 2019 ni marufuku kuutengeneza, kuuingiza, kuuza na hata kuubeba, na ukikamatwa nao mkononi faini inaanzia shilingi 30,000. Mimi ni mtu wa Mwanza, na nakumbuka soko la Kirumba lilivyobadilika mwezi ule: vikapu vya ukindu vikapanda bei, kina mama wakatoa khanga kuukuu wakashona mifuko. Watu walinung'unika, kisha wakazoea. Hilo naliheshimu, na sitaki mtu aniambie halikuwa jambo kubwa.

Lakini panda basi la kwenda Bukoba na Mwanza kutoka hapa uone. Mkikaribia Mutukula, pale mpakani, kondakta anapita kwenye ujia: wenye rambo wazitoe, tusije tukacheleweshana. Hapo ndipo safari inapochangamka. Dada mmoja anahamishia mkate kwenye mkoba, mzee anamimina karanga kwenye mfuko wa koti, mwingine anafunga viatu kwa kitenge. Kaveera zinakusanyika chini ya viti. Wiki inayofuata watu wale wale wanarudi Kampala, na wakishuka tu stendi, chakula cha kwanza wanachonunua kinafungwa kwenye kaveera, na hakuna anayeshtuka.

Mimi napenda kuutazama mpaka ule kama mizani. Ulichovuka nacho hadi upande wa pili ndicho chako. Kilichobaki mpakani kilikuwa cha serikali.

Tena tusidhani Uganda haina sheria. Walianza kulizungumza jambo hili miaka mingi kabla ya marufuku yetu ya 2019: bajeti ya mwaka 2007 iligusa mifuko ya plastiki, mwaka 2009 marufuku ikaingia kwenye sheria ya fedha, mwaka 2015 mamlaka yao ya mazingira, NEMA, ikajaribu kuisimamia kwa nguvu, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inakataza mifuko yenye unene wa chini ya mikroni 30. Sheria ipo na mfuko upo. Wenye viwanda wana sauti, wenye maduka wana hoja, na askari wa soko hana kipimo cha mikroni mfukoni. Ukitaka kujua kwa nini marufuku ya Tanzania iliuma na hii haijauma, sababu mojawapo naiona hapo: yetu haikumtaka mtu yeyote apime unene. Ukionekana na mfuko wa plastiki wa kubebea, basi.

Nenda soko la Ggaba jioni. Nyanya zinatiwa kwenye kaveera ndogo nyeusi. Vitunguu, nyingine. Dania, nyingine tena, nyembamba hadi vidole vya muuzaji vinaonekana. Kisha zote zinaingia kwenye kubwa yenye mikono, na kwa kuwa hiyo kubwa nayo ni laini, inavalishwa mwenzake kwa juu. Hulipii hata shilingi. Muuzaji wangu wa nyanya alikulia Busia, kwa hiyo Kiswahili chake kinateleza, na siku za mwanzo nilipomnyooshea kikapu alinitazama kwa huruma kabisa, akaniita nnyabo, yaani mama. "Nnyabo, nyanya zitakichafua kikapu chako. Acha nikufungie vizuri."

Sikumwona mjinga, na nawaomba wenzangu wanaocheka wauza soko wa Kampala wafikirie kidogo. Kumfungia mteja ni heshima. Kumpa kitu mkononi hivi hivi, bila kukifunga, ni kama kumwambia aondoke. Kwa hiyo ukikataa kaveera unakataa adabu ya mtu, na hotuba ya mazingira haitakusaidia kitu hapo. Kilichotusaidia sisi wawili ni nyongeza. Sasa anahesabu nyanya moja kwa moja ndani ya kikapu, na mahali pa kaveera ananiongezea nyanya ndogo mbili. Adabu yake imepata pa kukaa, nami sitoki na kaveera tano za kutupa. Kwa wauzaji wengine nisiowajua bado kazi ni ngumu, wengine wanadhani nina ushirikina.

Ningeishia hapo kama ningetaka kuonekana Mtanzania mstaarabu aliyekuja kufundisha. Bahati mbaya mwenye nyumba wangu ananizidi kwa mbali, na hajawahi kusikia habari ya maendeleo endelevu. Sote tunamwita Jjajja, yaani bibi. Marehemu mumewe alifanya kazi kwenye zile meli za mabehewa zilizokuwa zikisafiri kati ya Port Bell na Mwanza, ndiyo maana Kiswahili anakijua, na ndiyo maana kodi yangu aliipunguza kidogo nilipotaja Mwanza.

Jjajja akipika matoke hutaona plastiki wala karatasi ya aluminiamu. Anapanga vikonyo vya majani ya mgomba chini ya sufuria, anatia maji yasiyovifunika, anazifunga ndizi kwenye majani aliyoyatoa uti wake na kuyababua kidogo yasipasuke, kisha anaziba juu kwa tabaka la majani mengine. Zikiiva anaufinya ule mzigo mzima kwa viganja, jani likiwa bado limefunga, anapulizia mikono yake, anafinya tena, anarudisha motoni. Mvuke ukitoka nyumba nzima inanukia jani. Maganda hayalali: kuna kijana anapita na gunia kuyakusanya kwa ajili ya ng'ombe wa watu, na majani yaliyotumika yanakwenda kwenye shina la mgomba ulio nyuma ya choo. Siku ya matoke, ndoo ya taka ya nyumba ile inabaki nyepesi kama haijaguswa.

Nilimuuliza kama anafanya hivyo kwa ajili ya mazingira. Alinijibu: "Mwanangu, matoke ya kwenye kaveera yananuka kaveera." Ndiyo, kuna wanaopikia kaveera. Kwenye vibanda vingi vya chakula mjini utakuta juu ya sufuria, mahali ambapo Jjajja angeweka tabaka la mwisho la majani, pamefunikwa plastiki ili mvuke usitoke na mkaa usiishe haraka. Majani yanauzwa, kaveera ni karibu bure. Mama wa kibanda anapiga hesabu yake, nami siwezi kumlaumu kirahisi, ingawa chakula chake silambi.

Jibu la Jjajja limenikaa kichwani kuliko mabango yote niliyosoma. Desturi yake imedumu kwa sababu ya ladha na kwa sababu ndivyo mama yake alivyofanya. Hakuna faini ndani yake. Na kwa sababu haina faini, hakuna mpaka unaoweza kuifuta. Nikilinganisha na zile za kwetu tulizoletewa na kanuni za 2019, naona tulijifunza kuogopa mfuko wa aina moja tu.

Ushahidi? Tazama kilichofuata nyumbani. Rambo ilipoondoka ikaja mifuko mbadala, ile ya rangi rangi inayofanana na kitambaa, ambayo nayo ni nyuzi za plastiki. Halafu vikaja vifungashio, vile vya kung'aa visivyo na mikono vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungia bidhaa kiwandani; wauza nyanya, wauza chumvi na wauza mihogo wakavigeuza vya kubebea, hadi serikali ikaanza kupiga kelele upya. Mkono ulitafuta mlango mwingine. Na Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji la Mwanza na kumwaga ziwani, mvua ikinyesha haubebi maji peke yake. Anayetoka Mwanza akaja kuwacheka watu wa Nakivubo namshangaa.

Maana mfereji wa Nakivubo unafanya kazi ile ile. Unapokea maji ya katikati ya Kampala, na mvua ikinyesha unapokea pia chupa na kaveera za soko lote, unaishusha shehena hiyo hadi ghuba ya Murchison. Ghuba hiyo hiyo ndiko Ggaba iliko, na Ggaba ndiko maji ya bomba ya mji huu yamekuwa yakichotwa kwa miaka mingi. Uchafu uliwalazimu kujenga mtambo mwingine mbali kidogo, Katosi. Ziwa ni moja, Victoria. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye bomba la mama yangu Mwanza na haya ninayochemsha Kansanga yanatoka kwenye beseni moja.

Habari ya mkaa nitaipitia haraka kwa sababu hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Uganda ina umeme wa kutosha kushangaza: bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024, na bei ya majumbani ina ngazi ya kupikia tangu mwaka 2022, kwamba ukishapita uniti 80 kwa mwezi zinazofuata hadi 150 zinashuka bei. Hata hivyo ukitembea mtaani kwetu saa kumi na mbili jioni, kila mlango una sigiri inayopepewa. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini. Magunia bado yanafika mjini. Sisi nasi tuna bwawa la Nyerere la megawati 2,115 na mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na shangazi zangu bado wanapikia mkaa maharage. Mimi maharage nayapikia kwenye jiko la presha la umeme. Si kwamba nina moyo safi zaidi. Nina mshahara na nina mita yangu mwenyewe. Jirani wa chumba kimoja anayetumia mita ya pamoja na wapangaji wengine hawezi kuipata ile ngazi ya bei nafuu kwa raha, maana hajui nani ametumia uniti ngapi. Ukimhubiria kuhusu misitu ya Acholi, huko kaskazini, mhubirie pia mwenye nyumba wake.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengine, wale wa upande wa pili, wanaosema kila kitu kinaanza na mtu binafsi na dhamiri yake. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka juu ya nyumba za watu. Walikufa zaidi ya 30. Dampo lile lilikuwa likipokea taka za Kampala tangu miaka ya 1990, na waliofukiwa wengi walikuwa maskini waliojenga pembeni yake, wengine wakiishi kwa kuokota humo chupa za kuuza. Kikapu changu hakingemwokoa hata mmoja. Wala majani ya Jjajja. Lilikuwa jambo la mamlaka kuhamisha dampo kabla halijajaa, na kutenganisha taka za jikoni, ambazo ndizo nyingi, zisifike kule kabisa.

Kwa hiyo nikiulizwa nachagua lipi, sheria au tabia, nasema Uganda inahitaji ukali wetu wa 2019, na Tanzania inahitaji mtu kama Jjajja kila nyumba, na hilo la pili haliagizwi kwa gazeti la serikali. Tabia inataka sababu iliyo karibu na mdomo au mfuko wa mtu. Maji ya chupa nimeacha kununua kwa sababu ya hela, nachemsha. Nguo nanunua soko la Owino kwa sababu fundi wa pale anakata gauni la mtumba likakaa mwilini kama nimepimwa. Soda ya chupa ya kioo nainywea pale pale dukani na kurudisha chupa, kwa sababu kwangu ina ladha zaidi kuliko ya plastiki, ingawa kreti za vioo zinazidi kupungua na mwenye duka ananiona msumbufu. Kati ya hizo sioni iliyoletwa na woga, na zote zimevuka mpaka nami kwenda na kurudi.

Kikapu pekee ndicho sina uhakika nacho. Kilianza kwa faini, hilo silifichi, na huenda kimebaki kwa kiburi cha Utanzania tu, ili nionekane tofauti pale Ggaba. Sijali sana, kinafanya kazi.

Ugomvi tulio nao sasa pale nyumbani ni wa gari la taka. Kampuni inayopita inadai kila chumba kilipe sawa kwa mwezi. Jjajja amegoma: anasema yeye hana taka, maganda yamekwenda kwa ng'ombe na majani yamekwenda mgombani, alipie nini? Vijana wa chumba cha mbele, wanaokula chakula cha kununua na kujaza ndoo ya kaveera kila baada ya siku mbili, wanasema sawa ni sawa, kila mtu alipe. Mwenyekiti wa mtaa ameombwa aamue Jumapili, nami nimeombwa nitafsiri, kwa sababu mmoja wa vijana ni Mkongo na Luganda haijamkaa. Nitatafsiri. Ila nimeshawaambia mapema kwamba niko upande wa bibi.