Ukimlipa mchoraji, umenunua nini?

Shirika la afya linamwagiza mchoraji wa Kisumu picha za kuhamasisha wazazi kuhusu chandarua na chanjo ya malaria, ile iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019. Wanapatana bei na tarehe kwa simu, nusu ya pesa inaingia M-Pesa, rasimu inapita, kazi inakwisha. Baadaye yule mama wa kwenye bango anaibuka kwenye fulana na kalenda, kisha kaunti nyingine, amevishwa kanga tofauti. Mchoraji akiuliza, anaonekana mwenye tamaa. Si alilipwa?

Wengi wanaomtetea huamini sheria iko upande wake. Haiko. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinaanza kwa kumpa mtunzi hakimiliki, halafu kinamvua papo hapo: kazi ikiwa ya kuagizwa, haki hiyo inahesabiwa imehamia kwa mwagizaji, ila tu kama wawili hao walikubaliana vingine. Uingereza, chini ya sheria ya 1988, mchoraji wa kujitegemea akilipwa bila mkataba wowote hakimiliki hubaki kwake. Ukimya ule ule unaomlinda mwenzake wa London ndio unaomfilisi wa Kondele, mtaa wa Kisumu. Na hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kijana asiyesema neno leo amewanyamazia hata wajukuu.

Mwagizaji naye ana yake. Afisa aliyeagiza kazi huhama, mchoraji hubadilisha namba, na mfadhili anataka mabango yachapishwe upya kabla ya mvua. Mchapishaji wa vitabu vya shule, ambavyo serikali huvinunua kwa wingi, hawezi kumtafuta kila mchoraji kila anapochapa upya. Hiyo ni haja ya kweli. Ila haja hiyo ni ya ruhusa ya kutumia, ambayo inaweza hata kuwa ya miaka mingi, na ruhusa si umiliki. Hoteli ya Milimani iliyoagiza mchoro wa menyu inahitaji menyu. Kumzuia mchoraji asiuonyeshe mchoro huo kwa wateja wengine kunaifaidi nini?

Kifungu cha 32 kinamwachia mchoraji haki ya kutambuliwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata umiliki ukishahama. Lakini jina lake ndilo la kwanza kufutwa, eti nafasi ni finyu. Nembo za wafadhili hazikosi nafasi.

Kwa kuwa kifungu cha 31 kinaheshimu makubaliano, pa kuyaweka ni kwenye ujumbe ule ule wa bei, kabla ya rasimu: malipo haya ni ya mabango ya Kisumu na Siaya kwa miaka miwili, hakimiliki inabaki kwangu, anayetaka kuinunua kabisa tuzungumze bei nyingine. Mteja mwenye haraka anaweza kukasirika na kwenda kwa asiyeuliza. Aliyeanza kazi juzi, kodi ya nyumba ikimngoja, ataogopa kuutuma. Wenye majina Kisumu na Nakuru, ambao mteja hawezi kuwaacha kirahisi, wanaweza kuutuma leo.