Fundi wa sindano si mwizi wa wino

Printa ndogo ya wino hukufurahisha siku ya kuinunua. Siku ya kununua katriji, kile kikasha cha wino, ndipo unapouliza bei mara mbili: nyeusi na ya rangi, ukizijumlisha, zinaikaribia bei ya printa yenyewe. Hapo ndipo unapomkumbuka fundi anayejaza tena katriji iliyoisha kwa sindano, yule anayeitwa mwizi.

Watengenezaji tusiwaonee. Printa huuzwa kwa faida kiduchu, pengine kwa hasara, na fedha hurudishwa kwenye wino. Anayechapa mara chache anapata mashine kwa bei nafuu. Wino hafifu nao huziba kichwa cha kuchapia, sehemu inayorushia wino kwenye karatasi, na lawama humwangukia mwenye jina lililoandikwa kwenye printa. Hapo sibishani.

Nabishana kwenye kipimo. Katriji nyeusi ya HP 123, kwa hesabu ya HP wenyewe, hutoa kurasa 120 hivi. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo haifiki hata robo ya rimu. Mwanafunzi mwenye ripoti ya kurasa 60 akitoa nakala mbili, kwaheri. Halafu kuna 123XL, inayoingia kwenye printa hiyohiyo, tundu lilelile: kurasa 480. Utaambiwa katriji hizi si wino mtupu, zimebeba na kichwa cha kuchapia, na kichwa kina gharama. Kweli. Lakini kama kwenye XL kinafika kurasa 480, kwa nini cha mwenzake kitupwe jalalani kikiwa kimefanya 120? Linganisha na kichupa cheusi cha Epson 003 cha printa za tangi, zile unazozimiminia wino badala ya kuzibadilishia katriji: mililita 65, kurasa 4,500. Ili kuufikia wingi huo ungemaliza katriji 37 za 123, na bado ungepungukiwa. Printa ya tangi ni ghali zaidi dukani, sawa, ila angalau unajua unalipia nini tangu mwanzo.

Ndiyo maana namtetea fundi wa kujaza. Anabandua stika, anazamisha sindano, anasukuma wino taratibu, kisha anaigandamiza katriji kwenye tishu mpaka mstari utoke safi. Huyu anaitwa mtu wa feki, na ni kumsingizia. Feki ni yule anayejaza katriji kuukuu, akaitia kwenye boksi lenye nembo ya kampuni na kukuuzia kama mpya. Fundi anakurudishia katriji yako, na wote wawili mnajua kilichofanyika.

Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Lexmark, watengenezaji wa printa, ilisema kampuni ikishauza katriji, haki yake ya hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) juu ya katriji ile imekwisha. Lakini chipu, kile kidude cha kielektroniki kinachoitambulisha katriji kwa printa, haisomi hukumu. Septemba 2016 printa kadhaa za HP zilikuwa tayari zimeanza kukataa katriji za wengine baada ya sasisho la programu. Kampuni ikajitetea kwamba inalinda ubunifu wake, kisha ikaomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri na kutoa sasisho la kuondoa kizuizi.

Na hizo printa za tangi zilizojaa steshenari zetu, Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010. Mafundi wa huko walikuwa wameshazitoboa printa za kawaida, wakazipitishia mirija na kuzifungia matangi pembeni, kabla kampuni haijawaletea yenye tangi lake.