"Haumi" si jibu: mbwa wasiofungwa kamba katika maeneo ya watu wote

Penye bustani ya umma, ufukwe au njia ya kutembea kwa miguu, ugomvi huwa ule ule. Mbwa anakuja mbio, mtu anaganda alipo, na mwenye mbwa, akiwa bado mbali, anapaza sauti: "Usiogope, haumi!" Wapo wanaotaka mbwa wote wafungwe kamba saa zote. Wapo wanaoona kamba ni kifungo kwa mnyama asiye na kosa. Pande zote mbili zina hoja nzito, lakini kipimo kinachofaa hazikitaji mara nyingi: je, mbwa huyu akiitwa mara moja, wakati ameshaona kitu anachokitamani, atarudi?

Tuanze na wanaotetea uhuru, maana hoja zao hupuuzwa upesi mno. Mbwa mzima mwenye afya hatosheki na mwendo wa binadamu wa kilomita 4 au 5 kwa saa. Anataka kukimbia, kusimama anuse, kurudi nyuma, kuchepuka. Akinyimwa hayo siku baada ya siku, nguvu zake anazimalizia nyumbani kwa kubweka, kutafuna na kuchimba. Kamba nayo ina madhara yake. Mbwa wawili wasiojuana wakiwa huru hawafuatani uso kwa uso. Huzungukana, wakanusana ubavuni na nyuma, na asiyetaka mazoea huondoka zake. Kamba iliyokazwa inawakutanisha ana kwa ana, na yule mwoga, akiona hana pa kukimbilia, anaamua kutisha kwanza. Ndiyo maana mbwa wengine wakali kwenye kamba hutulia wakifunguliwa. Na kuna jambo jingine la kweli wanalolisema: watoto wadogo wanaoumwa, mara nyingi huumwa nyumbani na mbwa wanaowafahamu, si na mbwa mgeni wa bustanini.

Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hayo linalompa mtu ruhusa ya kumwachia mbwa wake amvamie mwingine. Mbwa anayekimbia kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Mtoto akichomoza mita 25 mbele, zimebaki sekunde 3 za mwenye mbwa kuona, kuelewa na kuita, na za mbwa kusikia na kugeuka. Mbwa wa kilo 30 anayekuja kwa furaha tupu anaweza kumwangusha mzee akamvunja nyonga, na jino lisiguse ngozi. Mwendesha baiskeli anayemkwepa huanguka vivyo hivyo. Mtu aliyewahi kuumwa hawezi kuusoma moyo wa mbwa asiyemjua, na mwingine hataki tu kulambwa, iwe kwa sababu ya imani yake au kwa sababu nyingine yoyote. Hawa wote hawakuuliza kama mbwa anauma. Wanachotaka ni asiwafikie.

Mara nyingi anayesahaulika ni mbwa wa pili, yule aliyefungwa. Huenda ni mzee mwenye maumivu ya viungo, huenda ametoka kwenye upasuaji, au ndiyo kwanza anafundishwa kuacha hofu. Mbwa huru akimvamia, kazi ya miezi inaweza kuharibika kwa dakika moja. Kwa mbwa anayemwongoza asiyeona hasara ni kubwa zaidi: huandaliwa kwa karibu miaka 2, na shambulio moja laweza kumfanya asiifae kazi hiyo tena. Porini na mashambani hata kung'ata hakuhitajiki. Ndege wanaotaga chini wakifukuzwa huacha mayai yakapoa, na kondoo wenye mimba wakikimbizwa huweza kuharibu mimba. Ndiyo maana katika England na Wales, kwenye ardhi ya wazi iliyofunguliwa kwa umma na sheria ya mwaka 2000, kamba isiyozidi mita 2 ni lazima kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, na wakati wowote penye mifugo.

Kuna na kinyesi. Mbwa aliye mita 60 nyuma ya kichaka hujisaidia bila mwenyewe kuona, na kisichoonekana hakizolewi. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa hayaambukizi yakiwa mabichi. Huhitaji wiki 2 hadi 4 hivi udongoni ndipo yakomae, kisha huweza kukaa humo miaka. Kinyesi kikizolewa siku hiyo hiyo, mzunguko huo umekatika. Kikiachwa kikasagika na mvua, mayai yamebaki mahali watoto wanapochezea na hakuna tena cha kuzoa.

Basi nani astahili kufungua kamba? Kwa maoni yetu, ni yule ambaye mbwa wake ameshathibitisha kuitika. Huo ni ujuzi unaojengwa kwa hatua. Chagua neno jipya ambalo hujawahi kulipayukia bila kujibiwa, maana jina lililoitwa mara elfu bure limeshakuwa kelele. Anza ndani ya nyumba, umbali wa mita 2: sema neno mara moja, na mbwa akigeuka tu mpe kipande cha nyama ndani ya sekunde moja. Mara 10 zatosha kwa kipindi kimoja, vipindi viwili au vitatu kwa siku. Kisha nenda uani, halafu mahali tulivu nje, mbwa akiwa kwenye kamba ndefu ya mita 10. Usiongeze mambo mawili kwa pamoja: ukizidisha umbali, punguza vishawishi, ukileta kishawishi kipya, kama mbwa mwingine, rudisha umbali mfupi. Akiitika mara 9 kati ya 10 penye watu na mbwa wengine, ndipo kamba ifunguliwe, na kwanza mahali palipozungushiwa uzio.

Wengi hukwama kwa makosa yale yale matatu. La kwanza ni kuita mara nyingi mfululizo, hadi mbwa anajifunza kwamba mwito wa sita ndio wenye maana. La pili ni kumgombeza akichelewa kurudi, kwa hiyo kurudi kunakuwa adhabu. La tatu ni kumwita wakati wa kuondoka tu. Mbwa hajakosa akili. Mwito ukimaanisha raha imekwisha, ataukwepa. Mwite mara 5, mpe zawadi na umwachie tena, na ya 6 ndipo mwondoke. Jihadhari pia na umri wa miezi 6 hadi 18. Mbwa mchanga aliyekuwa hodari hapo huanza kupuuza, na wenyewe huendelea kumfungua kwa mazoea ya zamani. Mrudishe kwenye kamba ndefu mpaka kipindi hicho kipite.

Kuhusu vifaa, kamba ndefu ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, upande wa mgongoni, kwa kuwa mbwa anayesimamishwa ghafla kwa shingo huweza kuumia koo. Usiizungushe mkononi. Ile kamba nyembamba inayojirefusha na kujikunja haifai kwenye njia yenye watu: inamfundisha mbwa kuvuta, waendesha baiskeli hawaioni, na hukata ngozi ya vidole. Kwa matembezi ya kawaida, kamba isiyorefuka ya mita 1.5 hadi 2 ndiyo bora.

Upande wa kanuni, marufuku ya jumla ina kasoro ambayo watetezi wake hawapendi kuikubali. Bila mahali pa kukimbiza mbwa, watu makini hutii na mbwa wao huteseka, huku wasiojali wakiendelea kama kawaida kwa sababu hakuna anayewasimamia. Kugawa saa hufanya kazi vizuri zaidi. New York huruhusu mbwa wasiofungwa katika sehemu maalumu za baadhi ya bustani, tangu bustani inapofunguliwa hadi saa 3 asubuhi, na kuanzia saa 3 usiku hadi inapofungwa, kwa sharti kwamba mbwa ana leseni na chanjo ya kichaa cha mbwa. Anayeogopa mbwa anajua saa za kutokwenda, na mwenye mbwa hana kisingizio saa 5 asubuhi. Uwanja wa uzio ni suluhisho jingine, ila uwe na lango la milango miwili, mmoja ufungwe kabla wa pili kufunguliwa. Kwenye uwanja wenye mlango mmoja tu, mbwa huchoropoka kila mwingine anapoingia.

Nje ya saa na sehemu hizo, adabu ya msingi ni hii: ukiona mtu akija, mwite mbwa na umfunge akiwa bado mita 30 au zaidi, jisogeze kando, umpishe. Kama mbwa haji, hilo ndilo jibu la swali la kipimo, na kesho kamba isifunguke. Anayefuatwa naye asikimbie wala asipige kelele. Asimame kiubavu, mikono ikunjwe kifuani, asimkazie macho. Akiwa na mkoba au mwavuli, auweke katikati yao.

Mbwa akiuma, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Hapa mwenye mbwa ana wajibu usiosubiri mabishano ya nani alikosea: atoe jina, namba ya simu na cheti cha chanjo cha mbwa. Mbwa anayejulikana aliko huweza kuangaliwa kwa siku 10, na akibaki mzima daktari anaweza kusimamisha chanjo alizoanza kumpa mgonjwa. Mwenye mbwa akiondoka kimya, aliyeumwa hana budi kumaliza dozi zote, na siku zote hizo anaishi na hofu.