Wazazi Wapo, Mtoto Yuko Kituoni: Hesabu Ngumu ya Elimu ya Misaada

Kati ya mwaka 2005 na 2010, vituo vya kulelea watoto yatima nchini Kambodia viliongezeka kwa asilimia 75. Hapakuwa na vita vipya wala janga lililofyeka wazazi katika miaka hiyo. Kilichokuwa kikiongezeka ni watalii, na miongoni mwao wapo waliotaka kukaa wiki moja au mbili wakifundisha na kucheza na watoto. Takriban robo tatu ya watoto waliokuwa vituoni walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Haiti nako makadirio yanayotajwa ni kama asilimia 80.

Kwa nini mzazi aliye hai ampeleke mwanawe kituo cha yatima? Wengi hudhani ni njaa. Njaa ipo, lakini sababu inayojitokeza mara kwa mara wazazi wanapoulizwa ni shule. Kituoni kuna ada iliyolipwa, sare, madaftari, pengine na mgeni anayefundisha Kiingereza. Nyumbani hakuna hata kimoja. Mzazi anafanya hesabu ambayo mzazi yeyote angeifanya: bora mtoto asome mbali nami kuliko akae nami bila kusoma. Kwa hiyo elimu, jambo jema kabisa, ndiyo inayogeuka kuwa chambo.

Lakini tusikimbilie kuhukumu misaada yenyewe. UNESCO ilikadiria mwaka 2023 kwamba watoto na vijana wapatao milioni 250 duniani hawako shuleni, na serikali nyingi haziwafikii. Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza mwaka 1985 na shule 22 za chumba kimoja, mwalimu akiwa mwanamke wa kijiji hichohicho. Baadaye shule hizo zilifika makumi ya maelfu, na wanafunzi wengi walikuwa wasichana ambao mfumo wa kawaida ulikuwa umewaacha. Anayesema elimu ni kazi ya serikali tu, wahisani wakae pembeni, awaeleze wasichana hao wangesubiri hadi lini. Ila mtoto wa shule ya BRAC alirudi nyumbani kila siku. Msaada ulimpa dawati bila kumtaka aache kitanda chake.

Tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 2000 watafiti walianza kufuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika taasisi za serikali mjini Bucharest, Romania, nusu yao wakahamishiwa kwa familia za kambo, yaani familia nyingine zilizokubali kuwalea nyumbani kwao. Waliohamishwa walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili. Ni kweli, watetezi wa vituo wanaweza kujibu kwamba hao walikuwa watoto wachanga katika taasisi duni, si wanafunzi wa miaka kumi wanaolala bweni safi. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo halimsaidii sana mtoto ambaye kila baada ya wiki chache anazoeshwa sura mpya, anaipenda, kisha inapanda ndege.

Hapo ndipo suala la kujitolea linapouma. Watetezi wa safari hizi husema mgeni huleta fedha, na akirudi kwao huwa mfadhili wa miaka mingi. Sehemu ya hoja hiyo ni ya kweli; yako madarasa yaliyojengwa kwa njia hiyo. Lakini mtu asiye na mafunzo ya ualimu, ambaye rekodi zake za jinai hazijahakikiwa, haruhusiwi kushika darasa katika nchi anayotoka. Kwa nini umaskini wa watoto ulegeze sharti hilo? Na tusimtupie mgeni lawama zote. Mara nyingi mwenye kituo ni mwenyeji, anayejua vizuri kwamba watoto wakionekana wamenawiri mno, michango hupungua.

Kuna kujitolea kwa namna nyingine, ingawa hakupigiwi picha nyingi. Nchini India, shirika la Pratham liliwatumia wasichana wa mitaa ya Mumbai na Vadodara kuwafundisha watoto waliobaki nyuma kusoma na kuhesabu. Kazi yao ilikuwa finyu, walipewa mafunzo mafupi na posho ndogo. Alama za watoto zilipanda. Mwaka mmoja baada ya mpango kwisha, sehemu kubwa ya faida ilikuwa imefifia, jambo ambalo wanaoshangilia mpango huo hawalisemi kwa sauti kubwa. Bado naona ni afadhali: mwalimu anabaki mtaani, na mtoto hakutolewa kwao.

Sheria zimeanza kusogea. Mjadala uliozaa sheria ya utumwa wa kisasa ya Australia mwaka 2018 uligusa usafirishaji wa watoto kwenda vituoni kwa ajili ya kuvuta michango, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio linalogusa hata programu za kujitolea katika vituo hivyo. Ila hofu ya wanaoviendesha ina msingi. Ukikata fedha leo, watoto walioko ndani wanalala njaa kesho. Kuwarudisha kwa ndugu kunadai fedha za pande mbili kwa muda: kituo kiendelee kula huku familia ikilipiwa ada na kutembelewa. Tena wapo ambao hawana pa kurudi, au nyumbani ndiko walikopigwa. Hao wanahitaji malezi mbadala, na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inataka wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe ndani ya familia.

Kwa mfadhili, ugumu uko kwenye ripoti. Kituo kinaweza kumtumia picha ya watoto arobaini wakiimba. Shirika linalomlipia mtoto ada akiwa kwa bibi yake lina risiti, mahudhurio ya darasani na ukurasa wa maelezo, na likiwa makini halitamtumia hata sura ya mtoto huyo.